MKUBWA NJOO, MGONJWA AFE?

Wewe kijana wa Sumbawanga, uliyekaa juu ya bodaboda yako ukingoja abiria, hebu tuulizane. King'ora kikilia nyuma yako unafanya nini?

Kikiwa cha shangingi la kigogo, unaruka mtaroni hata kabla trafiki hajanyoosha mkono. Kikiwa cha gari la wagonjwa, unaongeza moto na kuliganda nyuma ili upate njia ya bure! Huo ni woga, usiuite heshima.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa kwa ajili ya vigogo. Magari ya kupishwa ni pamoja na ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi, tena yakiwa kazini. Sogea kando, simama, yapite. Basi!

Sasa tazama Ufipa yetu. Mama mjamzito anatolewa Muze, bondeni. Gari linapandisha milima ya Lyamba lya Mfipa mpaka mjini. Ikishindikana hapo, ni rufaa ya Mbeya: zaidi ya kilometa 300, kupitia Laela, halafu Tunduma kwenye foleni za malori ya Zambia.

Tangu mwaka 2022 serikali inajisifu kwa mpango wa m-mama na simu ya bure 115. Ni jambo jema, hatubishi. Lakini je, namba 115 inafungua barabara iliyofungwa kwa msafara wa mkubwa? Dakika kumi za kigogo ni kuwahi kukata utepe. Dakika kumi za mama anayevuja damu ni kaburi!

Hatusemi viongozi wasilindwe. Tunasema trafiki aliyefunga barabara awe na amri ya kuifungua mara gari la wagonjwa linapotokea, na msafara usubiri, hata kama bendera inapepea mbele. Na vimulimuli vya kujifungia kwenye magari ya watu binafsi ving'olewe, bila kuuliza mwenye gari ni nani.

Nawe kijana usingoje serikali ibadilike ndipo ujifunze utu. Leo jioni king'ora cha mgonjwa kikilia, pisha. Aliyelala mle ndani huenda ni dada yako. Ukishampisha, simama kifua mbele kwenye mkutano wa hadhara umwulize kigogo: wewe mheshimiwa, humpisha nani?