Nani Imposta? Mchezo wa Angani Unaowagombanisha Watoto Wetu



Ukisikia jioni mtoto wako akipaza sauti mbele ya simu, "Ni Mwekundu! Nimemwona! Mtupeni nje!", usishtuke. Hakuna aliyeuawa wala ugomvi wa kweli. Mtoto yuko ndani ya mchezo unaoitwa Among Us, jina lenye maana ya "Miongoni mwetu". Wamama kadhaa wa vikundi vyetu wametuuliza huu ni mchezo gani, kama unakula mega nyingi, na kama unafundisha watoto kuua na kudanganya. Sisi walimu tunausikia kila siku wakati wa mapumziko, kwa hiyo leo tuueleze.

Kuna chombo kinachosafiri angani. Ndani yake wamo wafanyakazi wadogo wanene, kila mmoja na nguo yake ya rangi: mwekundu, wa bluu, wa kijani, wa njano. Kila mfanyakazi ni mtoto mmoja mwenye simu yake. Kila mmoja ana kazi: kuunganisha nyaya, kutupa takataka, kujaza mafuta. Lakini kati yao yumo mmoja, au wawili, au watatu, wasio wafanyakazi wa kweli. Watoto wanawaita maimposta. Imposta anajifanya anafanya kazi, kumbe anasubiri mwenzake abaki peke yake amwue. Anaweza pia kuzima taa za chombo au kuharibu mashine ya hewa. Akionekana maiti, wote wanaitwa kikao, wanabishana, kisha wanapiga kura. Mwenye kura nyingi anatupwa nje ya chombo. Wafanyakazi wanashinda wakimaliza kazi zote au wakiwatoa maimposta wote. Maimposta wanashinda wakiwapunguza wengine mpaka idadi yao iwe sawa.

Mchezo huu ulitoka mwaka 2018, umetengenezwa Marekani na kampuni ndogo inayoitwa Innersloth. Wakati ule watengenezaji walikuwa watu watatu tu. Kwa miaka miwili karibu hakuna aliyeujua. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofungia watu majumbani, ukaenea dunia nzima kwa miezi michache. Watengenezaji walikuwa wametangaza mchezo wa pili, wakaufuta mwaka uleule ili waboreshe ule wa kwanza ambao watu walikuwa wameupenda. Mwanzoni walicheza watu mpaka 10 pamoja. Tangu 2021 wanaweza kuwa 15.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1986, mwanafunzi mmoja wa saikolojia kule Moscow, Dmitry Davidoff, alibuni mchezo wa kukaa duara bila chombo chochote: wachache wanajuana kuwa wabaya, wengi hawajui, na mchana wote wanajadiliana nani atolewe. Ndio ule ambao vijana wetu wanaocheza kwa Kifaransa wanauita loup-garou. Among Us umeupeleka angani tu.

Sasa tuje kwenye mabishano ya watoto, kwa sababu hapo ndipo kuna mambo. Mchezo hausemi imposta ni nani hasa, ametoka wapi, wala anataka nini. Umeacha vidokezo tu, na watoto wanavikusanya kama mtu anayeokota punje za mchele sokoni.

Kidokezo cha kwanza kiko katika chumba cha matibabu. Mfanyakazi akisimama juu ya mashine, inaandika urefu na uzito wake kwa vipimo vya Kiingereza: futi 3 na inchi 6, ratili 92. Tulipowapa wanafunzi zoezi la kubadilisha, walipata sentimeta 107 hivi na kilo karibu 42. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kwenye mizani ya kituo cha afya anaona shida mara moja. Sentimeta 107 ni mtoto wa miaka minne au mitano, na mtoto huyo anapaswa kuwa na kilo 17 hivi, si 42. Tena mashine inaandika vipimo hivyohivyo kwa kila mmoja. Hapo mabishano yanaanza. Wengine wanasema uzito ni wa nguo na mtungi wa hewa. Wengine wanasema hao si watu, wametengenezwa kiwandani kwa mfano mmoja. Wengine wanasema mashine imeharibika. Sisi tumefurahi, kwa sababu zoezi la vipimo halijapata kusahihishwa kwa moyo namna hiyo.

Kidokezo cha pili ni mwili wa imposta. Kuna wakati anapoua, tumbo lake linafunguka kama mdomo wenye meno, ulimi mrefu mkali unatoka. Je, ni mnyama wa sayari nyingine aliyejigeuza sura ya mtu, au ni mtu aliyeingiwa na mdudu ndani ya mwili? Mwaka 2023 ulitangazwa mfululizo wa katuni unaotokana na mchezo huu, na ikaelezwa kwamba mfanyakazi amechukuliwa nafasi yake na kiumbe anayebadilisha sura. Wa kambi ya kwanza walisherehekea. Wa kambi ya pili wanasema katuni ni katuni na mchezo ni mchezo.

Kidokezo cha tatu ndicho kilichotugusa zaidi. Moja ya ramani za mchezo ni kambi kwenye sayari yenye theluji inayoitwa Polus. Huko kuna mashine ya kuchimba inayotakiwa kutengenezwa, kuna vitu vya kale vya kupanga, na kuna chumba cha kuwekea viumbe waliokamatwa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili wa sekondari akauliza: kama kampuni imekuja kuchimba na kukamata viumbe wa pale, mvamizi ni nani? Labda huyu tunayemwita imposta ndiye mwenye nchi. Darasa likanyamaza. Mtoto aliyekulia Kivu, anayeyaona magari ya madini yakipita, hahitaji kueleweshwa swali hilo. Watengenezaji hawajasema kwamba ndiyo maana ya Polus, lakini swali ni halali, na limetoka kichwani mwake mwenyewe.

Tuseme sasa yanayowaudhi, maana machozi yapo. La kwanza ni mtandao. Mtoto amengoja mpaka amepata nafasi ya kuwa imposta, amejificha vizuri, mega zinaisha au umeme unakatika, simu inazima. Kurudi kwenye mchezo uleule haiwezekani. Cha kuchekesha ni kwamba katika Polus kuna kazi ya kuzima na kuwasha wifi na kuisubiri irudi. Watoto wetu wanasema hiyo si hadithi ya angani, hiyo ni Bukavu.

La pili ni kazi ya kupitisha kadi kwenye mashine. Ukipitisha haraka inakataa, ukipitisha polepole inakataa, kadi ni ileile. Wamama waliowahi kufuatilia karatasi kutoka dirisha moja mpaka lingine wataelewa hasira hiyo.

La tatu ni watu wanaotoka mara tu wakijikuta si maimposta. Kila mmoja anataka kuwa mbaya, hakuna anayetaka kuunganisha nyaya. Lakini kuna jambo zuri hapa: aliyeuawa anageuka mzimu, na mzimu anaweza kuendelea na kazi zake. Akizimaliza, anawasaidia wenzake walio hai kushinda. Tunawaambia watoto wanaonuna baada ya kuuawa: kazi yako bado inahesabiwa.

La nne ndilo zito: kutupwa nje bila kosa. Mtoto amefanya kazi zake zote, mwenzake mmoja mwenye sauti kubwa anasema "ni Kijani", wengine wanafuata, kura zinapigwa, Kijani anaelea angani. Kisha maandishi yanatokea kwenye kioo: Kijani hakuwa imposta. Na aliyemtaja ndiye aliyekuwa anaua.

Wamama, hapa mchezo unagusa maisha yetu. Katika vijiji vya mkoa wetu, mama wazee wamefukuzwa, wamepigwa, wengine wamechomwa moto, kwa sababu mtu alidai ameona uchawi wao katika ndoto au maombi. Mjini, kijana ameitwa mwizi barabarani na umati ukamaliza kabla ya mtu kuuliza kilichoibwa ni nini. Na siku hizi kila mmoja anajua jina likitajwa vibaya linaweza kufika wapi. Katika maisha hakuna maandishi yanayotokea baadaye kutuambia aliyetupwa nje hakuwa na kosa. Na hata yakitokea, hatuwezi kuanza mchezo mpya.

Tena tusiseme ni ya wanaume na vijana tu. Fikirini kikao cha MUSO. Sanduku la kijani linafunguliwa, hesabu haitimii. Kabla daftari halijasomwa, macho yote yamekwisha kumgeukia mama mmoja: yule aliyechelewa, yule ambaye mume wake hana kazi, yule aliyenunua kitenge kipya. Wawili wananong'ona, wa tatu anaitikia. Baada ya wiki inaonekana kulikuwa na mkopo ulioandikwa ukurasa mwingine, lakini yule mama amekwisha kuacha kuja. Amepoteza akiba, amepoteza na wenzake. Kikundi nacho kimempoteza mtu aliyekuwa akilipa vizuri.

Kwa hiyo tukiulizwa kama mchezo huu unafundisha udanganyifu, jibu letu ni kwamba unaweza kufundisha mambo mawili, inategemea nani amekaa karibu na mtoto. Akiachwa peke yake, anaweza kujifunza kwamba mwenye kelele ndiye anayeshinda. Akiwa na mtu wa kumwuliza, anajifunza kudai ushahidi. Mchezo wenyewe una sheria mbili ambazo tungependa kila kikao kingekuwa nazo. Kura zikilingana, hakuna anayetupwa. Na kuna kitufe cha kuruka kura, maana yake "sijui bado". Watoto wengi wanakidharau, wanasema ni cha waoga. Sisi tunasema ni kitufe cha mwenye akili.

Sasa ushauri wa kutumia nyumbani.

Kwanza, gharama. Kwenye simu mchezo huu ni bure, una matangazo. Vinavyouzwa ndani ni kofia, mavazi na vinyama vya kufuatana na mchezaji. Havimpi mtu nguvu ya kushinda. Mtoto akikuambia atashindwa bila kununua kofia, huyo naye ni imposta. Hakikisha pesa ya kwenye simu yako ina namba ya siri asiyoijua. Mega zinazotumika ni chache kuliko za kuangalia video.

Pili, kuna namna ya kucheza bila intaneti: simu zote zikiwa kwenye wifi moja, ndugu na majirani wanacheza ndani ya nyumba. Namna hii tunaipenda zaidi. Wanaonana macho, hakuna mgeni, na mabishano yakizidi mama yupo.

Tatu, wageni. Wanaocheza kwa intaneti wanakutana na watu wasiowajua, na humo matusi na maswali mabaya yanaweza kuingia. Mtoto asiweke umri wa uongo. Akiweka umri wake wa kweli na ukiwa mdogo, mchezo unamzuia kuandika maneno yake mwenyewe mpaka mzazi akubali. Anachagua tu sentensi zilizotayarishwa. Mwachie hivyo. Wala asitumie jina lake la kweli, shule wala mtaa.

Nne, na hii ndiyo kubwa: kaa naye mchezo mmoja tu. Akisema "ni Mwekundu", mwulize maswali matatu. Umeona, au umesikia? Ulikuwa wapi wewe mwenyewe? Na kama si yeye, itakuwaje? Mara za kwanza atakasirika, atasema unamchelewesha. Endelea. Tumeona darasani wanafunzi wakianza kuulizana wenyewe maswali haya hata penseli ikipotea, na penseli mara nyingi inapatikana chini ya dawati bila mtu kuitwa mwizi.

Na maswali hayo matatu, wamama, tuyabebe pia kwenye kikao cha wiki ijayo. Daftari lisomwe kwanza, kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Mwenye kutajwa apewe nafasi ya kusema kabla ya wengine. Na kama baada ya hapo hatujui bado, tuseme hatujui, tufunge sanduku, kila mmoja arudi nyumbani na jina lake salama.