Kikokotoo na nyumba ya mstaafu Ujiji

MTUMISHI wa umma anayefikisha miaka 60 akaamua kumalizia uzee wake Ujiji hatafuti ghorofa la wastaafu. Makao yake huwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko uani. Mzee na mkewe huchukua chumba cha mbele, vilivyobaki hupangishwa. Kodi hiyo ndiyo pensheni ya pili, ingawa wapangaji nao wana visingizio vyao.

Nyumba hiyo hujengwa, au hukamilishwa, kwa mkupuo unaolipwa siku za kustaafu. Ndiyo sababu mjadala wa kikokotoo umekuwa mkali. Kabla ya mwaka 2018, baadhi ya mifuko ililipa mkupuo wa asilimia 50 ya mafao na mingine asilimia 25. Kanuni za mwaka 2018 ziliwashusha wote hadi 25, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akazisitisha. Julai 2022 kikaja kiwango cha asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 kikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Hoja ya Serikali kwamba malipo ya kila mwezi humlinda mzee hadi mwisho wa maisha yake, na kwamba mifuko isifilisike, ina uzito. Wapo waliotafuna mkupuo mwaka wa kwanza. Hata hivyo, bati za nyumba nzima hazinunuliwi kwa pensheni ya mwezi. Nyumba iliyokwama kwenye lenta haina mpangaji.

Kisha kuna suala la kiwanja. Ujiji ni mji wa misafara ya pembe na watumwa, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 biashara ilihamia huko, Ujiji ikabaki na utulivu unaowavuta wazee. Ziwa lakini halitulii. Mnara wa Livingstone, uliowekwa palipokuwa jirani na maji, leo uko mbali na ufukwe. Wengi waliamini maji yamekwenda moja kwa moja, hadi yaliporudi kwa kishindo mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, yakaingia katika nyumba za mwambao. Ziwa Tanganyika hutoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, hivyo kujaa kwake hakuishi haraka.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mstaafu anayeitii hujenga mwinukoni, ambako maji hayafiki, lakini huko mara nyingi na wapangaji ni wachache.