NJIA YA MIGUU NAYO NI SAFARI YA TRENI

Ndugu wanachama,

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma. Tulishangilia, ngoma tukapiga. Sasa tuseme kweli. Treni inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, lakini mwenzetu mwenye furushi la mikeka kichwani bado anakwenda kwa mguu, mwanzo wa safari na mwisho wake.

Tuanzie mwisho. Kutoka Stesheni mpaka Soko la Kariakoo hata kilomita mbili hazifiki. Unapanda mpaka Mnara wa Saa, unashika Uhuru, unapita Mnazi Mmoja, unavuka Lumumba, umefika. Kwa maneno, karibu! Lakini huko Mchafukoge pa kupita watu pamepangwa viatu na ndoo, pengine gari limeegeshwa juu yake, na mfuniko wa mtaro haupo. Basi unashuka barabarani, ukagombane na bodaboda na mikokoteni. Mwezi uliopita mama mmoja wa kikundi chetu alitumbukiza mguu mtaroni. Mguu umepona. Mikeka minane ililowa maji machafu, ikauzwa nusu bei. Machinga hatuwalaumu, nao wanatafuta riziki kama sisi. Ila sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tulisoma vibao vyote vya pale, na cha kumwelekeza mwenda kwa miguu hatukukiona hata kimoja.

Hayo ya mjini tumeyaandikia barua. Lakini jamani, na kwetu je? Pale bondeni, njia ya kwenda kituo cha Ruvu, magogo ya kuvukia yameoza tangu masika. Waliokosa treni mwaka huu wamecheleweshwa hapo hapo. Ile treni ya zamani ilikuwa na subira kidogo. Hii haimngoji mtu. Wenye watoto mgongoni wanazunguka kwa shamba la ushirika, karibu saa nzima. Wazee wenye macho mabovu hawasafiri kabisa, hata nauli wakiwa nayo.

Kwa hiyo Jumamosi, saa moja asubuhi, tukutane bondeni. Mawe yapo, saruji mifuko minne imenunuliwa kwa fedha ya ushirika. Kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe. Vijana waje na sururu na matoroli. Asiyeweza kufika amwambie balozi wake kabla ya Ijumaa jioni.

Katibu wa Tawi