Ala za Muziki Zinahitaji Fundi

Makumbusho ya ala za muziki ya Brussels yalianzishwa mwaka 1877 ndani ya chuo cha muziki cha kifalme, ili wanafunzi wazione ala za kale kwa macho yao. Msingi wake ulikuwa mkusanyo wa François-Joseph Fétis, mkuu wa kwanza wa chuo, pamoja na ala za Kihindi ambazo Sourindro Mohun Tagore alimzawadia Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1876.

Mtunzaji wa kwanza, Victor-Charles Mahillon, alitoka katika familia ya watengenezaji wa ala. Aliziainisha kwa kuangalia kinachotoa sauti: mwili wa ala wenyewe, ngozi iliyowambwa, nyuzi au hewa. Hapo ngoma, marimba na zeze zikapimwa kwa kipimo kilekile cha fidla ya Ulaya, jambo la haki tunalolienzi. Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs waliuendeleza mfumo huo, nao unatumika hadi leo.

Mahillon alianzisha pia karakana ya kukarabati ala na kutengeneza nakala zake, na matamasha yakafanyika kwa ala hizo. Hilo ndilo tunalolitaka kwa kila chuo cha muziki chenye hazina ya namna hii: kimwajiri fundi kwanza, makabati ya vioo yafuate baadaye. Ngozi hukauka, mbao hupasuka, na mlinzi wa mlangoni hawezi kuwamba ngoma.