SAYANSI NYUMBANI: Utando Juu ya Maji ya Beseni

Ndugu wasomaji, ni mara ngapi tumeosha vyombo, tukauona utando wa mafuta juu ya maji, tukayamwaga bila kuuliza neno? Leo tumtazame mwanamke aliyeuliza.

Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862, akaishi Braunschweig, Ujerumani. Zama zile vyuo vikuu vya huko havikupokea wanawake, naye alibaki nyumbani akiwatunza wazazi wake. Humo jikoni alitengeneza chombo cha bati, akajaza maji, akausonga utando kwa ukanda wa bati. Aliona kwamba utando ukisongwa hadi kiasi fulani, mvutano wa uso wa maji hupungua ghafla. Mwaka 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh wa Uingereza, naye akaiombea nafasi katika jarida la Nature.

Kwa nini ghafla? Molekuli za mafuta ya namna hiyo zina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Zikiwa na nafasi hukaa ovyo. Zikisongwa husimama bega kwa bega kama askari gwarideni, tabaka moja tu.

Askari hao jicho haliwezi kuwaona. Lakini mwaka 1912 Max von Laue na wenziwe walionyesha kwamba eksirei, ile ipigayo picha za mifupa, ikipita katika fuwele hutawanyika kwa pembe maalumu. Apimaye pembe hizo hujua umbali kati ya safu za chembe. Ili kupima utando, mwali huelekezwa karibu sambamba na maji, usije ukazama. Vipimo hivyo, vilivyochapishwa mwaka 1987, vilionyesha mikia imejipanga kwa safu, umbali wake ukiwa kama nusu ya sehemu moja ya milioni ya milimita.

Yatufaa nini hayo? Ndani ya mapafu yetu umo utando wa jamii hiyo, uzuiao vifuko vya hewa visinywee. Mtoto azaliwaye kabla ya miezi yake mara nyingi huwa nao kidogo mno, akashindwa kupumua. Mwaka 1980 madaktari wa Japani walitangaza kuwatibu watoto wa namna hiyo kwa kuwatilia utando huo mapafuni. Na kwa eksirei wataalamu wamechunguza jinsi molekuli zake zinavyojipanga.

Basi, wazazi, binti akiuliza swali mbele ya beseni, tusimnyamazishe.