Mbwa Naye Apimwe Damu

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo baadhi ya wenzangu watalicheka.

Muhula uliopita Simba, mbwa wa mlinzi wetu, aliugua. Alikuwa na homa, hata nyama ya Jumamosi hakuigusa. Sisi wa bwenini tukajifanya madaktari. Tulichanga fedha, tukanunua vidonge vya amoksilini, tukavificha katika donge la ugali. Siku ya sita Simba akafa. Mzee mlinzi hakutulaumu, lakini mimi najilaumu.

Likizo nilikaa kwa mjomba wangu, daktari wa mifugo. Akaletwa mbwa mwenye dalili zile zile. Mjomba hakugusa dawa. Kwanza alitoa damu katika mguu wa mbele. Alinieleza kwamba mwili ukishambuliwa, ini hutengeneza kwa wingi protini iitwayo kwa kifupi CRP. Iligunduliwa New York mwaka 1930 na mabwana Tillett na Francis, katika damu ya watu wenye nimonia. Mbwa mzima kwa kawaida hafikishi miligramu 10 kwa lita. Akiugua sana huweza kupita 100 kwa muda wa siku moja hivi, na akipata nafuu hushuka upesi. (Paka ni habari nyingine: kwake CRP haisemi kitu, hupimwa protini nyingine.) Chembe nyeupe nazo huhesabiwa, ila hizo huweza kudanganya, kwani maradhi yakiwa makali mno huenda zikapungua badala ya kuongezeka.

CRP ya mbwa yule ilikuwa juu. Nikasema, "Basi mjomba, tumpe antibiotiki."

Akacheka. "Mjomba, hiyo imekwambia nyumba inaungua. Je, imekwambia nani kaiwasha?"

Maana CRP hupanda kwa bakteria, hupanda baada ya kupasuliwa, hupanda hata mwili unapojishambulia wenyewe. Akapaka tone la damu kwenye kioo, akaniita kwenye hadubini. Ndani ya chembe nyekundu niliona vitu viwiliwili, vyenye umbo la tone la maji. Ni Babesia, vijidudu viletwavyo na kupe. Amoksilini haiviui, dawa yake ni nyingine kabisa.

Simba alikuwa na kupe masikioni. Tulikuwa tukiwatoa kwa mchezo. Kilichomwua hasa sitakijua, kwa sababu hatukutazama.

Wako wasemao mbwa ni mbwa tu, fedha za vipimo afadhali zinunue sukari. Nawajibu kwamba fedha tulikuwa nazo, tukazitupa katika vidonge. Tena antibiotiki zikitolewa ovyo huzoesha bakteria kuzishinda, na bakteria hao hawaulizi kama huyu ni mbwa au mwanafunzi. Na yule atakayesoma haya akadhani CRP peke yake yatosha, naye amekosea. Mjomba huipima tena baada ya siku chache, aone kama dawa inafanya kazi.

(Mbwa aliyeuma mtu asingojewe vipimo hivi. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali siku ile ile.)

Mzee mlinzi amepata mbwa mwingine, mweusi, bado mdogo. Napendekeza tuchange sasa kabla hajaugua, fedha zikae kwa mwalimu wetu wa bayolojia. Mimi nimekwisha toa shilingi elfu moja.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne