Ardhi ya Wafu Itengwe Mapema

Mauti hayapigi hodi, lakini ardhi ya kuzikia haina budi kuandaliwa kabla hayajafika. Jambo hili wengi wetu huona haya kulizungumza. Hata hivyo wakati umefika lizungumzwe hadharani, milimani Rungwe na kwa ndugu zetu wa Visiwani vile vile.

Wilayani Rungwe desturi ya Wanyakyusa ni kumzika marehemu nyumbani kwake, karibu na migomba aliyoipanda. Ni desturi ya heshima. Lakini ardhi hiyo hiyo yenye rutuba ndiyo inayozaa chai, kahawa na ndizi, nayo hulisha watu wanaozidi kuongezeka. Shamba hugawanywa baina ya watoto, kiwanja huuzwa, barabara hupanuliwa, na kaburi la babu hugeuka kuwa shauri. Visiwani nako ardhi imezungukwa na bahari, haina pa kwenda. Mji wa Unguja umepanuka hata mava ya Mwanakwerekwe yamejikuta miongoni mwa nyumba na pilikapilika za soko.

Tutazame mfano wa mbali. Katika mji wa Najaf, nchini Iraki, karibu na kaburi la Imamu Ali aliyeuawa mwaka 661, yapo makaburi yaitwayo Wadi al-Salaam, yaani Bonde la Amani. Yameenea zaidi ya kilometa 6 za mraba, na waliolala humo hukadiriwa kwa mamilioni. Watu wamezikwa hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na hata leo majeneza yanawasili. Mwaka 2004 vita vilipiganwa katikati ya makaburi hayo. Vilipokwisha, maziko yaliendelea. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, wakuu wa huko walitenga ardhi nyingine nje ya mji.

Ni nini kilichoyahifadhi? Ukubwa peke yake hautoshi. Kila mtu anajua kuwa ardhi ile ni ya wafu. Tena, kazi ya kuzika hurithiwa katika koo maalumu, na wazikaji hao ndio wajuao nani kalala wapi. Mahali penye mwenyewe na kumbukumbu hapavamiwi kwa urahisi.

Kinyume chake tunakiona kwetu. Makaburi ya kale ya Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, yalipambwa nguzo zilizopachikwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Mabakuli mengi yameng'olewa, yamebaki matundu. Ukosefu wa mlinzi hufanya kazi haraka kuliko mvua na chumvi ya bahari.

Wako watakaosema kwamba Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inatosha kwa Tanzania Bara. Ni kweli inaruhusu makaburi yahamishwe ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na inataka mabaki yachukuliwe kwa heshima. Lakini hiyo ni dawa ya ugonjwa uliokwisha kuingia. Kufukua wafu ni gharama kwa Serikali na simanzi kwa jamaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo tunasema wazi. Kwanza, kila kijiji na kila mtaa upime ardhi ya makaburi, uiwekee mipaka na kuiandika katika ramani kabla viwanja havijagawiwa. Pili, liwepo daftari la maziko, na pawepo mtu wa kuulizwa. Tatu, wananchi wapunguze kujenga makaburi makubwa ya saruji. Dini ya Kiislamu imehimiza kaburi la kawaida, na wanazuoni wengi wameruhusu mahali pazikwe tena mwili wa kwanza ukishakuwa udongo. Kwa njia hiyo eneo dogo huweza kuhudumia vizazi vingi.

Maofisa wa ardhi wasingoje malalamiko, na wazee wasiogope kutoa sehemu ya shamba kwa ajili ya wote. Anayeugawa mji wote kwa walio hai amesahau kwamba yeye mwenyewe atahitaji dhiraa chache za udongo. Tuzitenge sasa, tungali na nafasi ya kuchagua.